Mazalia ya mbu nyumbani: jinsi ya kuyatafuta na kuyaondoa kila wiki



Makala haya nimeyaandika kwa ombi la mpwa wangu anayekaa Seeb. Mwanawe wa miaka tisa alilazwa hospitali siku sita kwa homa ya dengi. Baada ya mtoto kutoka, wakaguzi wa mbu walifika nyumbani wakazunguka na tochi. Ua ulikuwa umefagiwa, pipa la taka lina kifuniko, dimbwi hakuna. Walichokitafuta walikikuta ndani ya kisahani cha udongo chini ya chungu cha mrehani, hatua tatu kutoka dirisha la mtoto. Maji yake hayakufika kikombe kimoja cha kahawa. Mpwa wangu alinipigia simu hapa Brussels akaniambia, "Mjomba, maji yale nilikuwa nikiyatia mimi mwenyewe kila asubuhi."

Mimi si daktari. Nimefanya kazi ya ukarani zaidi ya miaka thelathini, na kazi ya karani ni kuyapanga mambo yanayojulikana ili mtu mwingine aweze kuyafuata bila kusahau. Basi nimeyapanga. Neno kubwa ni moja: mbu anayekuuma nyumbani mara nyingi amezaliwa nyumbani hapo hapo, au kwa jirani wa ukuta mmoja. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mzunguko wa dakika ishirini kila wiki, siku ile ile, unamkatia kizazi.

Mbu anavyokua majini

Mbu jike peke yake ndiye anayeuma, kwa sababu anahitaji damu ili atunge mayai. Mayai huanguliwa yakawa viluwiluwi, wale wadudu wembamba wanaoning'inia chini ya uso wa maji na kujipindapinda wakishtuka. Kiluwiluwi hukua, kisha hugeuka kuwa kidude kilichojikunja kama alama ya mkato. Hapo hakili tena, anangoja kuota mbawa. Mwisho ngozi hupasuka na mbu huruka.

Kwenye joto safari yote hii huchukua kama siku saba hadi kumi. Kwenye baridi huchukua wiki mbili na zaidi. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa kazi yote: ukiyamwaga maji kabla wiki haijaisha, mbu hakuwahi kuruka. Ukikosa wiki moja, umempa nafasi.

Jambo la pili la kukumbuka ni mayai. Mbu wa dengi hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hubaki hai miezi mingi hata chombo kikikauka. Maji yakirudi, huanguliwa. Kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi. Lazima usugue.

Mbu watatu wa kuwajua

Wa kwanza ni Aedes. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Ndiye anayeeneza dengi na chikungunya. Hupenda maji yaliyotulia katika vyombo vidogo karibu na watu, na kwa kawaida haruki mbali, mita mia moja au mia mbili hivi kutoka alipozaliwa.

Wa pili ni Culex, wa rangi ya kahawia, anayepiga kelele sikioni usiku. Hukubali maji machafu: karo, mashimo ya vyoo, chemba na mitaro iliyoziba. Kwenye pwani yetu ndiye aliyeeneza matende na mabusha.

Wa tatu ni Anopheles, mbu wa malaria. Huuma usiku, na akitua huinua kiuno juu. Wengi wao huzaa kwenye madimbwi na kingo za wadi, lakini yupo mmoja wa nchi za Ghuba na Bara Hindi, Anopheles stephensi, anayezaa pia ndani ya matangi na visima. Katika miaka ya karibuni huyu amevuka bahari na kuingia Pembe ya Afrika na Kenya.

Maradhi haya si wageni kwetu

James Christie, daktari aliyekuwa Zanzibar wakati wa masultani, aliandika habari za homa ya maungo iliyoenea mjini mwaka 1870. Wazee walimwambia iliwahi kuja 1823, na watu waliiita kidinga pepo. Wataalamu wengi wanaona neno dengi limetokana na jina hilo, ingawa baadhi yao wanadhani homa yenyewe ilikuwa chikungunya. Hata leo Tanzania dengi huitwa kidingapopo.

Chikungunya nayo ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwenye uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Jina ni la Kimakonde, na maana yake ni kule kukunjika kwa mgonjwa kwa maumivu ya viungo. Uwanda ule hauna maji ya karibu, hivyo watu waliyaweka akiba katika mitungi ndani ya nyumba, na mbu walizaa humo.

Kisa kama hicho kilirudi Lamu mwaka 2004. Kulikuwa na ukame, watu wakajaza mapipa na mitungi, na katika miezi michache chikungunya ikawapata takriban robo tatu ya wakazi wa mji. Kutoka pwani ile ugonjwa ukaenda Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Tunaona basi kwamba si mvua pekee iletayo mbu. Ukame pia huwaleta, watu wakiweka maji bila kuyafunika.

Huko mliko, mtakumbuka mwisho wa 2018, dengi ilipoanza kuambukizwa Muscat kwenyewe. Januari 2019 wizara ya afya na baladia walipeleka watu nyumba kwa nyumba Seeb na Bausher kutafuta maji yaliyotuama. Na mvua kubwa ya tarehe 16 Aprili 2024 iliyofurika Imarati iliacha maji majumbani kwa siku nyingi, mbu wakaongezeka na wagonjwa wa dengi nao wakaonekana.

Vifaa vya ukaguzi

Havigharimu kitu. Chukua tochi, upawa au kikombe cheupe, brashi ngumu, ndoo, na bomba la sindano kubwa lisilo na sindano kwa ajili ya kunyonya maji mahali pembamba. Weka na daftari.

Ukifika penye maji usiligonge chombo wala usilete kivuli chako ghafla, maana viluwiluwi huzama. Simama, mulika kwa upande, subiri dakika mbili. Lazima wapande kuvuta pumzi. Teka kwa kikombe cheupe nawe utawaona.

Namna ya kuzunguka

Fuata njia moja kila mara, ili usiruke mahali. Mimi napendekeza kuanza juu, kisha ndani, kisha uani, mwisho nje ya ukuta.

Juu ya dari. Angalia kila tangi la maji: kifuniko kimekaa sawa? Bomba la kutolea maji ya ziada na tundu la hewa vina wavu? Tangi lenye ufa wa kidole ni mlango wa mbu. Tazama palipobonyea kwenye sakafu ya dari, mifereji ya mvua iliyojaa majani, sahani za setilaiti zilizotupwa, na maji yanayodondoka kutoka viyoyozi. Dondoo la kiyoyozi halikomi kiangazi chote, kwa hiyo bomba lake lipelekwe mahali ambapo maji yatazama ardhini au kukauka, si kwenye ndoo inayosahauliwa.

Ndani. Vyoo na bafu zisizotumika, hasa chumba cha wageni na cha mfanyakazi, hubaki na maji kwenye bakuli la choo na kwenye tundu la sakafu. Vuta maji na umwage maji mengi kila wiki, kisha funika. Angalia trei ya nyuma ya friji, vyombo vya maua yanayokua majini, ndoo za akiba na chemchemi ya mapambo ya majlisi iliyozimwa. Maua ya majini ubadilishe maji, usugue chombo, na uisuuze mizizi.

Uani. Visahani vya vyungu ndivyo vya kwanza. Viondoe kabisa au vijaze mchanga mpaka ukingoni, ili maji yaingie mchangani na mbu asipate uso wa kutagia. Kisha ndoo, makopo, vifaa vya kuchezea watoto, turubai lililolegea juu ya gari au mashua, matairi, vyombo vya maji ya kuku na mbuzi, na kisanduku cha mita ya maji. Mabomba ya chuma ya uzio yaliyo wazi juu na mianzi iliyokatwa hushika maji, nayo yajazwe mchanga. Mashimo ya kumwagilia mitende yasibaki na maji zaidi ya siku mbili. Yakibaki, punguza maji au chimbua udongo. Bwawa la kuogelea lenye klorini na pampu inayofanya kazi si shida. Bwawa lililoachwa nusu ndilo hatari.

Nje ya ukuta. Tazama mtaro wa barabara, kiwanja kilicho wazi, na hasa jengo linalojengwa, maana mapipa na madimbwi ya saruji hukaa wiki nyingi. Hapo kazi si yako peke yako. Zungumza na jirani kwa upole, na ikishindikana wapigie baladia.

Hatua nne za kuondoa

Kwanza, mwaga. Mwaga juu ya udongo mkavu au sakafu yenye jua, usimwage kwenye mtaro, kwa sababu viluwiluwi wataendelea kuishi huko.

Pili, sugua. Sugua kuta za chombo kwa brashi na sabuni, hasa ule mstari wa maji, kisha suuza na ukigeuze kifudifudi.

Tatu, funika. Chombo cha lazima, kama tangi au pipa la akiba, kipate kifuniko cha kubana au wavu wa madirisha uliofungwa kwa kamba bila upenyo. Kifuniko kilicholegea ni kibaya kuliko kukosa kifuniko, kwa sababu humpa mbu kivuli nawe hukumbuki kutazama ndani.

Nne, tibu maji yasiyoweza kumwagwa wala kufunikwa. Kwa bwawa la mapambo au birika la bustani, samaki wadogo hula viluwiluwi. Wazee wa Lamu waliweka samaki katika mabirika kwa sababu hiyo hiyo. Kwa mahali pengine kuna dawa ya bakteria iitwayo Bti, ambayo huua viluwiluwi na haidhuru watu wala wanyama ikitumiwa kwa kipimo. Soma karatasi yake, na rudia kwa siku zilizoandikwa. Usitie mafuta ya taa wala dawa ya kunyunyizia ndani ya maji ya kunywa, ya kupikia au ya mifugo.

Watu huniuliza habari za moshi wa dawa unaopigwa mitaani. Moshi huo una faida wakati wa mlipuko kwa sababu huua mbu wanaoruka. Lakini hauwafikii viluwiluwi walio kwenye kisahani, na baada ya siku chache kizazi kipya kinatoka. Gari la moshi lisikufanye uache brashi.

Nyumba inapobaki peke yake

Familia nyingi za Ghuba hufunga nyumba kiangazi na kusafiri Unguja, Mombasa, au kuja huku kwetu Ulaya kwa miezi miwili. Jua kali la nje huwapunguza mbu, lakini ndani ya nyumba iliyofungwa kuna kivuli na maji ya vyoo. Kabla ya kuondoka: vuta maji vyoo vyote, funga vifuniko na uvibandike kwa utepe mpana, ziba matundu ya sakafu, mwaga trei ya friji, geuza ndoo zote, toa visahani vyote, na mwachie ndugu ufunguo apite kila wiki. Ukirudi, fanya ukaguzi kabla hujafungua mizigo.

Nyumba ya wazee nyumbani

Wengi wetu tuna mama, shangazi au bibi aliyebaki Pemba, Tanga au Lamu, nasi hutuma fedha za dawa. Fikirini pia kutuma za kifuniko. Huko orodha huongezeka: mitungi, mapipa ya akiba, karo, vifuu vya nazi, makombe ya konokono, matundu ya miti, na shimo la choo lenye maji.

Kwa choo, upo ushahidi mzuri wa kwetu wenyewe. Mwaka 1988 huko Makunduchi, Unguja, wataalamu walitia punje nyeupe za plastiki nyepesi, zile zinazofanana na za kufungashia televisheni, katika mashimo ya vyoo yenye maji. Punje zikaelea na kufanya tabaka, mbu hawakupata pa kutagia na viluwiluwi hawakupata pumzi. Pamoja na dawa waliyopewa wakazi, mbu wa usiku walipungua sana, na maambukizo ya matende yakashuka na kubaki chini kwa miaka. Mahali pasipo punje hizo, kifuniko cha shimo na wavu juu ya bomba la hewa husaidia.

Na wale wa Oman wakumbuke walikotoka. Mwaka 1990 nchi iliandikisha wagonjwa wa malaria zaidi ya 30,000. Mwaka uliofuata serikali ilianza mpango wa kuitokomeza, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuyafuata maji, kutafuta viluwiluwi na kuwaua kabla hawajaruka. Baada ya miaka kumi na kitu maambukizo ya ndani yalikuwa yamekaribia kwisha. Imarati nayo ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 kuwa haina malaria.

Hata Brussels

Msidhani nawaandikia nikiwa mahali salama. Nyumba nyingi za zamani hapa zina birika la maji ya mvua chini ya ua, na watu wengi huweka pipa chini ya mfereji wa paa. Mbu wa kawaida wa usiku huzaa humo kila kiangazi. Yule mwenye milia, Aedes albopictus, ambaye Wazungu humfananisha na chui milia, alionekana Ubelgiji mara ya kwanza mwaka 2000 katika matairi makuukuu huko Vrasene. Tangu 2022 taasisi ya afya ya taifa, Sciensano, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, huwaomba wananchi wapeleke picha za mbu wanaomshuku. Jirani zetu Ufaransa mwaka 2025 walipata mamia ya wagonjwa wa chikungunya walioambukizwa humo humo nchini. Kwa hiyo nami huzunguka na tochi, na pipa langu nimelifunga wavu.

Homa ikija

Homa ya ghafla yenye maumivu ya kichwa, nyuma ya macho, viungo au vipele, nenda kwa daktari upimwe, na umweleze ulikosafiri. Ukiwa umetoka Afrika Mashariki taja malaria, usingoje. Mpaka dengi iondolewe shaka, tumia paracetamol kwa homa, na epuka aspirini na ibuprofen kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu. Kunywa maji mengi. Homa ikishuka usijione umepona bado: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutoka damu puani au kwenye fizi, au uchovu wa kupita kiasi, ni safari ya hospitali saa ile ile. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wa nyumbani wasimuume wakawapelekea wengine.

Daftari

Shuleni kwetu, shule ya misheni, kila Jumamosi asubuhi tulipangwa mstari tukageuze makopo na vifuu kuzunguka mabweni. Tuliiona adhabu. Leo naona kwamba faida yake ilikuwa katika ile siku kutobadilika. Nanyi chagueni Jumamosi, maana ni mapumziko Oman, Imarati na Qatar vile vile. Chora safu nne: tarehe, mahali, kulikuwa na viluwiluwi au la, umefanya nini. Mpe mtoto mkubwa tochi na kalamu. Baada ya wiki nne utajua mahali pawili au patatu panaporudia, na hapo ndipo pa kutengenezwa moja kwa moja.

Mpwa wangu amejaza kurasa kumi na moja sasa. Mrehani bado upo dirishani, kisahani kimejaa mchanga, na anayeshika tochi ni yule mtoto.